Ile namba kwenye bili ya ardhi ya shosho yako inaweza kupingwa

Shosho wangu ana plot ya 50 kwa 100, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na mparachichi mmoja. Mwaka jana bili ya kodi ya ardhi ya kaunti ilikuja, zile land rates, na ilikuwa imepanda vibaya. Nikaisoma mara mbili. Plot yake ilikuwa imeandikwa kama ni 100 kwa 100. Yaani walimwongezea ardhi ambayo hana, halafu wakamtoza kodi yake.

Nikamwambia, "Shosh, hapa wamekosea." Akaikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya Biblia, akasema, "Mjukuu wangu, serikali ikishaandika, imeandika."

Hiyo sentensi ilinisumbua wiki nzima. Nikaanza kutafuta imetoka wapi. Wasee, imetoka mbali.

Mwaka 1901 Waingereza walianzisha kodi ya kibanda hapa kwetu. Ililipwa kwa rupia, na mtu asiye na rupia angeweza kulipa kwa jasho. Kibanda kiwe kikubwa au kidogo, kipya au kinavuja, kodi ni ile ile. Mzee mwenye wake watatu na vibanda vitatu alilipa mara tatu. Familia zingine zikaanza kubanana kwenye nyumba chache ili zihesabiwe kidogo. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na kibanda asiponyoke. Lengo halikuwa pesa peke yake. Ukitaka rupia, unaenda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu.

Sasa angalia: mkaguzi anakuja, anahesabu mapaa, anaondoka. Hakuna mahali pa kwenda kusema, "Mimi nyumba yangu haifai bei hiyo." Ukikataa, unakamatwa.

Baada ya Vita vya Kwanza kodi ilipandishwa mpaka shilingi 16, huku masetla wakitaka kupunguza mishahara. Harry Thuku, kijana aliyekuwa opareta wa simu serikalini Nairobi, akaanza kuwapanga watu. Walilalamikia kodi, mishahara na kipande. Wakamkamata Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, pale karibu na hoteli ya Norfolk, wakitaka aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume waliokuwa wanasita. Polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu 21 walikufa, na Nyanjiru alikuwa kati yao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Fikiria hilo kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa rufaa ya Mwafrika: kusimama mbele ya bunduki.

Sehemu iliyonikasirisha zaidi ni hii. Serikali hiyo hiyo ya kikoloni, mwaka 1956, ilitunga sheria ya uthamini wa mali kwa ajili ya kodi za mijini. Hiyo sheria ilikuwa na adabu sana. Daftari la thamani za viwanja likitayarishwa, lazima litangazwe na liwekwe wazi watu walikague. Usiporidhika, una siku 28 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi linasikizwa na mahakama ya uthamini, mwenyekiti wake akiwa mtu wa sheria. Ukishindwa hapo, unaenda Mahakama Kuu. Hata mtu mwingine angeweza kupinga thamani ya kiwanja chako, na wewe lazima ujulishwe.

Nani alikuwa na viwanja mjini 1956? Wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na milango miwili. Mwenye kiwanja mjini aliandika barua, mwenye kibanda alilipa akanyamaza.

Uhuru ulipokuja tulirithi ile sheria. Mlango ukafunguliwa kwa wote, lakini hakuna aliyekuja kijijini wala mtaani kutuambia uko wapi. Nairobi iliendelea kutumia daftari la 1982 kwa karibu miaka 40, kwa hiyo kizazi kizima hakikuona zoezi la kupinga likifanyika. Halafu kaunti ikaleta daftari jipya la 2019, na kiwango kikabadilika kutoka asilimia 34 ya thamani ya zamani hadi asilimia 0.115 ya thamani mpya. Mwishoni mwa 2024 ikaja sheria mpya ya kitaifa kuchukua nafasi ya zile za zamani.

Asilimia 0.115 inasikika kama hewa. Piga hesabu. Kiwanja cha milioni 10 kinalipa 11,500 kwa mwaka. Kikiandikwa kimakosa milioni 20, ni 23,000. Kwa miaka kumi umetoa 115,000 za bure. Hiyo ni karo ya mtu.

Na usipinge kwa kulia ati maisha ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini mthamini hapimi hilo. Pinga kwa vitu anavyopima. Ukubwa kwenye hati ya shamba unalingana na daftari? Wameandika biashara na wewe unaishi tu? Kiwanja cha jirani, saizi ile ile, barabara ile ile, kimewekwa bei gani? Nairobi, kinachothaminiwa ni ardhi bila jengo, kwa hiyo kupiga picha nyufa za ukuta hakutakusaidia. Leta nakala ya hati na ramani, na uhakikishe barua yako imepigwa muhuri wa tarehe.

Sisi tulichelewa. Tangazo lilitoka kwenye gazeti, na shosho hanunui gazeti. Nilipofika ofisini niliambiwa siku zilishapita. Tumeandika barua ya kuomba marekebisho, hati imeambatanishwa, na tunangoja. Kwa sasa analipa kodi ya plot mbili.

Lakini siku ya kuandika ile barua aliitoa bili kwenye Biblia mwenyewe. Akavaa miwani, akasoma kila mstari, akaweka sahihi polepole. Kisha akaniuliza, "Kumbe wanaruhusu?"

Wanaruhusu, shosh. Waliruhusu tangu 1956. Hawakukuambia tu.