Kupiga foto Goma: nyumba zilizofunikwa, sherehe za muji na mahali mazuku inalala

Mutu anayefika Goma mara ya kwanza na aparei ya foto mukononi anakawiaka kuelewa kwamba udongo anaokanyaga ni mupya kuliko nyumba fulani zilizo juu yake. Katikati ya muji kuna majengo ambayo orofa ya juu njo imekuwa ya chini. Orofa ya kwanza iko ndani ya makoro, yaani lava iliyopoa na kuwa jiwe.

Nyiragongo, mulima wa metre 3 470, uko kaskazini mwa muji, kilometre karibu makumi mawili. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka, ikakata muji katikati, ikaingia ziwa Kivu. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya kiwanja cha ndege, ikala maduka na masomo, na kanisa kubwa la Saint-Joseph likaungua. Wakaaji wakakimbilia Gisenyi na upande wa Sake. Wengi walirudi siku chache nyuma, jiwe likiwa bado na moto chini, wakaanza kujenga juu yake kwa mbao.

Hiyo njo inafanya foto ya Goma kuwa na kazi tofauti na foto ya miji mingine. Mahali pengine nyumba iliyoachwa inaoza polepole. Mupiga foto anaweza kurudi mwaka kesho, akaikuta na mwitu kidogo zaidi ukutani. Goma nyumba inafunikwa kwa usiku mumoja, halafu kisha miaka michache makoro yenyewe yanavunjwa kwa nyundo, yanauzwa kama mawe ya kujengea, na kipande cha ukuta kilichobaki kinakuwa ukuta wa duka la simu. Leo mutoto aliyezaliwa kisha 2002 hawezi kujua avenue ya wazazi wake ilikuwa namna gani, isipokuwa kama kuna mutu aliyeipiga foto. Na foto nyingi ziliungua ndani ya nyumba zile zile.

Nyumba iliyoachwa iko na mwenyewe

Kuta za kanisa kubwa la Saint-Joseph, bila paa, zilisimama miaka mingi kisha moto, na labda hakuna jengo la Goma lililopigwa foto zaidi yake. Lakini alama za 2002 ziko pia mahali watu wanapita bila kutazama: ngazi inayoshuka kwenda popote, lango la chuma lililozama mpaka nusu, parsele ambayo iko juu ya jirani kwa metre mbili. Upande wa kaskazini, katika teritware ya Nyiragongo, kuna alama za karibuni zaidi, za lava ya Jumamosi 22 Mei 2021. Ile ilikata barabara ya Rutshuru, ikafunika nyumba za Buhene na vijiji vingine, ikasimama mlangoni mwa muji, karibu na kiwanja cha ndege.

Kabla ya kutoa telefone mufukoni, inafaa kujua namna jirani anamuona mupiga foto. Migogoro ya ardhi ni mingi. Mutu asiyejulikana akisimama mbele ya parsele tupu na kuipiga foto kutoka pembe zote, anadhaniwa ni mutu wa kadastre, ao mununuzi, ao mutoto wa familia ingine anayetafuta ushahidi kwa tribinali. Wanaofanya kazi hii vizuri wanaanza kwa kusalimia. Wanatafuta shefu wa avenue ao wa nyumba kumi, wanaeleza, kisha wanauliza ni nani aliyekaa pale. Mara nyingi swali hilo la mwisho linaleta kitu kizuri kuliko foto yenyewe: mama mumoja muzee anatoka, anaonyesha kwa mukono mahali jiko lake lilikuwa, pale chini ya makoro.

Kuhusu kazi yenyewe ya aparei, shida ya kwanza ni rangi. Makoro ni meusi na mawingu ya Goma ni meupe. Aparei ikiona jiwe jeusi inafikiri giza limeingia, inaongeza mwangaza, na lava inatoka kama majivu ya mupishi. Ni lazima kupunguza mwangaza kwa mukono, hata kwa telefone: kugusa kioo mahali pa kupiga, kisha kushusha. Saa ya kwanza ya asubuhi ao ya mwisho kabla ya jua kuanguka, jua linapita pembeni na mikunjo ya lava inaonekana, sawa kamba zilizosokotwa. Saa sita mchana yote ni bapa. Viatu viwe vya ngozi ngumu, juu makoro yanakata, na mahali fulani ganda la juu liko wazi ndani na linaweza kuvunjika.

Kuna njia moja ambayo Wakongomani wenyewe wameitumia vizuri, nayo haidai aparei ya bei. Huko Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978, alipiga viwanda vya Gécamines vilivyokufa, kisha akaweka ndani ya foto hizo watu waliotolewa katika foto za zamani za wakati wa wakoloni. Kazi hiyo inaitwa Mémoire, ya mwaka 2006. Mufanyakazi wa zamani anasimama mbele ya mashini iliyoshika kutu, na mutazamaji anaona wakati mbili kwa mara moja. Baloji ni pia mumoja kati ya walioanzisha Picha, shirika linaloandaa mikutano ya sanaa huko Lubumbashi, na jina lake halihitaji kutafsiriwa kwa musomaji wa Kiswahili. Goma, njia hiyo ingefaa sana. Familia nyingi ziko na foto moja ao mbili za kabla ya 2002: ndoa, komunyo ya kwanza, baba na gari lake. Mutu anaweza kuichukua, kutafuta mahali ilipopigwa, na kusimama pale pale. Mulima Goma, pale juu ya bandari, haukufunikwa, na unasaidia kujua upande.

Siku za sherehe

Sherehe za Goma zinajulikana inje juu ya Festival Amani. Ilipangwa kwa mwezi wa nane 2013, vita ikazuia, ikafanyika mwezi wa pili 2014 katika kiwanja cha Collège Mwanga, na tiketi ya dola moja ili kila mutu aingie. Muziki, danse za makabila mbalimbali, vijana wa Goma kwa jukwaa moja na wageni. Kulikuwa pia na Salaam Kivu, tamasha ya filme iliyoanzishwa na kituo cha utamaduni Yolé!Africa.

Lakini mupiga foto anayengojea festival tu anakosa mengi. Tarehe 8 Machi, wamama wa kila shirika, soko na kanisa wanavaa kitenge cha namna moja na kupita kwa mistari. Kwa rangi, hakuna siku ingine inayoishinda. Misa ya kuwapadirisha vijana, ndoa ya Jumamosi yenye magari yanayopiga honi, mbio za chukudu zinazoshuka na mbao ao viazi kutoka juu: chukudu ni kazi ya kila siku, si sherehe, lakini muji umeijengea sanamu kwenye rond-point nzima, na hiyo inaonyesha inavyoheshimiwa.

Kwa watu, sheria ni moja: kuuliza. Musukuma chukudu mwenye mizigo ya kilo mingi hawezi kusimama katika mulima ili apigwe vizuri, na akiona mutu anamupiga bila kusema kitu, atadai franga, na iko na haki ya kukasirika. Mutu anaweza kumungojea chini, amusalimie, amuonyeshe foto. Kwa watoto, muzazi njo anaulizwa, si mutoto. Kwa watu waliokimbia vita, inafaa kukumbuka kwamba uso wa mutu unaweza kumuletea hatari miezi nyuma, katika kijiji alichotoka. Mukono unaoshika bidon, ao viatu vya watoto mbele ya mulango wa hema, vinasema ya kutosha.

Ziwa, volkano na mazuku

Nyiragongo inaonekanaka vizuri zaidi asubuhi sana. Kisha mawingu yanaifunika, na mutu anaweza kukaa wiki nzima Goma bila kuona kichwa yake. Usiku, wakati lava inachemka ndani ya kreta, mawingu ya juu yanakuwa mekundu. Kwa hiyo telefone iwekwe juu ya ukuta ao jiwe, isishikwe kwa mukono, na isiguswe wakati inapiga: sekunde chache za kutetemeka zinaharibu yote. Mulima wenyewe uko ndani ya Parke ya Virunga, iliyoundwa 1925 na kuandikwa na UNESCO 1979, na hakuna anayepanda bila ruhusa na walinzi.

Upande wa mangaribi, kufuata ziwa mpaka Sake, kuna mahali pazuri zaidi pa muji kwa foto: Lac Vert, ziwa dogo la kijani ndani ya kreta ya zamani, ghuba za Kivu, na lava ya Nyamulagira iliyofika ziwani karibu na Sake katika mulipuko wa 1938 mpaka 1940. Na ni pale pale pako hatari ambayo mupiga foto anaikaribia kuliko mutu mwingine yeyote.

Wakaaji wanaiitaka mazuku, upepo mubaya. Wanasayansi wa volkano wamechukua neno hilo jinsi lilivyo, wanaliandika katika Kifaransa na Kingereza bila kulitafsiri. Ni gazi karboniki inayotoka chini ya udongo, katika nyufa za lava. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipande: inajaa mashimoni na mabondeni sawa maji. Mbuzi anayeingia kula majani hatoki. Mutoto anayefuata mbuzi hatoki. Mutu muzima aliyesimama anaweza kupumua bila shida, wakati hewa iliyo kwa magoti yake inaua.

Sasa, mupiga foto anafanya nini? Anapiga magoti. Analala kwa tumbo ili apate maua mbele na ziwa nyuma. Anashuka ndani ya shimo juu mule ndani mwangaza ni muzuri. Anaona ndege aliyekufa, anainama kumupiga karibu. Na anakuja asubuhi mapema, kabla ya upepo kuamka, saa ile ile ambayo gazi imekusanyika usiku kucha bila kitu cha kuitawanya. Kila desturi nzuri ya kazi yake inamupeleka chini.

Alama ziko. Panzi, mijusi ao ndege waliokufa pamoja mahali pamoja, bila kidonda. Bao zenye fuvu ya kichwa, zilizosimamishwa mahali fulani kuonya wapita njia. Lakini kukosa bao hakuonyeshe kwamba mahali ni salama, juu bao zinaibiwa, zinakuwa kuni. Wakulima wa pale wanajua mashimo yao moja moja, kwa hiyo kutembea na mukaaji wa mahali si adabu tu. Wengine wanashusha kiberiti ao kipande cha mukaa wa moto kwa kamba: moto ukizimika chini, hawaendi. Na mutu akianguka shimoni, anayeshuka kumuinua anaanguka juu yake. Ni bora kumuvuta kwa kamba ao muti mrefu, mwenye kuvuta akibaki juu.

Kisichopigwa

Kiwanja cha ndege, kambi za askari, barieri, madaraja, mupaka wa Rwanda kwa Grande na Petite Barrière, wenye silaha wa kundi lolote: hivyo vyote havipigwe bila ruhusa ya maandishi. Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ikiwa mikononi mwa AFC/M23, hali imekuwa ngumu zaidi, na hata foto ya barabara ya kawaida inaweza kuleta maswali kama nyuma kuna mutu mwenye bunduki. Kuangalia nyuma ya unachopiga kunasaidia. Wenye uzoefu wanatembea wawili, wanabeba karte, na hawabishane na anayeomba foto ifutwe.

Baada ya kurudi nyumbani

Telefone inaandika yenyewe saa na mahali foto ilipopigwa. Kwa foto ya nyumba, hiyo ni faida. Kwa foto ya mutu aliyekimbia, ao ya sokwe porini, ni hatari ikitumwa kwa WhatsApp kama dokima nzima, na inafaa kuzima kitu hicho mbele. Kwa kumbukumbu, daftari inatosha: tarehe, avenue, kartie, jina la aliyekaa pale kama amekubali, na kitu gani kiko mukono wa kuume na wa kushoto. Kopi moja ibaki nyumbani na ingine iwe kwa ndugu anayekaa muji mwingine, Bukavu, Butembo ao Kisangani. Siku tano kisha lava ya Mei 2021, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuondoka asubuhi moja, na watu walienda na kile mikono iliweza kushika: watoto, godoro, bidon ya maji. Albamu za foto zilibaki juu ya kabati.