Rangi teule katika picha za magofu

Rangi teule ni mtindo wa kuhariri picha ambao huacha rangi moja, au kitu kimoja chenye rangi, huku sehemu nyingine zote zikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta: katika karne ya 19 mafundi walipaka picha rangi kwa brashi, pengine mashavu na vito tu. Mfano mashuhuri wa sinema ni koti jekundu la mtoto katika *Schindler's List* (1993) ya Steven Spielberg. Koti hilo huonekana tena baadaye, juu ya mkokoteni wa maiti, na hapo mtazamaji hutambua kwa nini liliachwa na rangi yake.

Wapiga picha wa majengo yaliyohamwa wanaupenda sana mtindo huu, na wengi wao huuharibu. Gofu lina huzuni yake tayari. Rangi inayobakizwa lazima iwe na jambo la kusema. Kwa mfano, wakazi wa mji wa Pripyat, Ukraine, walihamishwa tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Bembea kubwa ya gurudumu mjini humo, yenye vibanda vya manjano, ilikusudiwa kufunguliwa Mei Mosi. Manjano hayo yakibaki peke yake, picha inasimulia sikukuu ambayo haikufika. Kolmanskop, Namibia, ni kinyume chake. Mji huo wa almasi ulihamwa kabisa mwaka 1956, mchanga ukaingia hadi vyumbani, na kuta zake za samawati na kijani zimepauka zenyewe. Ukizifanya kijivu umetupa ulichokifuata.

Kiufundi, siku ya mawingu hufaa kwa kuwa vivuli huwa laini. Picha hupigwa kwa faili ghafi, kisha tabaka lisilo na rangi huwekwa juu na kufutwa pale panapotakiwa rangi. Kosa la kawaida ni kufuata ukingo wa kitu kwa ukali mno: mlango mwekundu hutupa wekundu kidogo sakafuni, na wekundu huo ukifutwa, mlango huonekana umebandikwa. Wengine hawaondoi rangi zote, huzififisha tu, na mara nyingi matokeo yao ni bora zaidi.

Ama ua jekundu ambalo mpiga picha amelibeba kutoka nyumbani na kuliweka dirishani, hilo ni pambo la studio, halihusu jengo.