Tangazo Lisipoleta Mteja, Nani Anakula Hasara?

Mwaka 1996 kampuni ya Procter & Gamble, watengenezaji wa Pampers na Always, iliiwekea Yahoo sharti ambalo meneja wa matangazo wa gazeti lolote la siku zile angelikataa palepale. Kampuni ingetangaza kwenye tovuti hiyo, lakini ingelipa pale tu msomaji atakapolibofya tangazo. Likionwa na watu 1,000 wasilibofye, Yahoo isingeambulia kitu. Yahoo ikakubali, na wenye tovuti nyingine wakanung'unika, kwa kuwa waliona wazi ni mzigo gani unahamishwa. Historia ya kutafuta wateja mtandaoni husimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi: bango, injini ya kutafutia, mtandao wa kijamii, kila kimoja kikikizidi akili kilichotangulia. Masimulizi hayo hayaelezi kwa nini baadhi ya mbinu zilishinda na nyingine zikafa. Linaloeleza vizuri zaidi ni swali la kibiashara tu: tangazo lisipoleta mteja, hasara ni ya nani? Karibu kila mbinu iliyoshika mizizi ilimpunguzia mtangazaji hasara hiyo na kumtwisha mtu mwingine, ambaye mara nyingi hakuwepo mezani makubaliano yalipofanywa.

Mtu anaweza kupinga mapema kwamba hakuna jipya hapa, na ushahidi anao. Mwaka 1923 Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa wakala wa Lord & Thomas wa Marekani, alichapisha kitabu kifupi kiitwacho Scientific Advertising, akieleza mbinu ambazo kina Hopkins walikuwa wamezitumia kwa miaka mingi. Tangazo la gazetini lilikuwa na kuponi pembeni. Msomaji aliikata, akaandika jina na anwani, akaipeleka posta ili apelekewe sampuli au katalogi. Kila tangazo katika kila gazeti lilipewa alama yake, mathalani namba ya idara ya kubuni ndani ya anwani, hivyo karani aliyefungua bahasha alijua barua imetoka gazeti lipi na imevutwa na kichwa gani cha tangazo. Bahasha zikihesabiwa, bei ya nafasi gazetini ikagawanywa kwa idadi yake, ikajulikana kila jina limegharimu senti ngapi. Hesabu hiyo ndiyo wanayoifanya leo wauzaji wa mtandaoni, na hawajaibadili sana. Lakini mkataba ulikuwa tofauti. Hopkins alijua lini amepata hasara. Hakuwa na njia ya kukataa kuilipa. Gazeti lilikwisha kuchukua fedha yake kabla wino haujakauka.

Intaneti ilianza kubadili mkataba huo kwa njia chafu kabisa. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alituma ujumbe mmoja kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao wa utafiti uliokuwa ukigharimiwa na serikali ya Marekani, kuwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya huko California. Anwani zilichukuliwa kwenye kitabu cha orodha kilichochapwa, zikaingizwa kwa mkono, zikawa nyingi kiasi kwamba programu ilielemewa na nyingine zikamwagikia ndani ya ujumbe wenyewe. Wakubwa wa mtandao walikemea. Thuerk mwenyewe alidai baadaye kwamba mauzo yaliyotokana na ujumbe ule yalifika mamilioni ya dola. Miaka 16 baadaye, Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet. Malalamiko yalikuwa mengi hadi yakaangusha seva za kampuni iliyowauzia intaneti. Wao walijigamba kwamba waliingiza takriban dola 100,000 kwa gharama ya senti chache tu. Huu ndio mfano safi wa hoja yenyewe: wasiojibu waliwagharimu watumaji senti sifuri, na gharama yote ya kupokea, kusoma na kufuta ikaangukia maelfu ya watu ambao hawakuomba kitu. Barua taka haikushamiri kwa sababu watu waliipenda. Ilishamiri kwa sababu hata akijibu mmoja tu kati ya 10,000, mtumaji bado anapata faida.

Biashara zenye jina la kulinda hazikuweza kwenda njia hiyo, zikarudi kwenye mfano wa gazeti. Tarehe 27 Oktoba 1994 tovuti ya HotWired ilifungua kurasa zake zikiwa na mabango ya matangazo, na linalokumbukwa zaidi ni la AT&T: kipande chembamba cha maandishi ya rangi juu ya weusi, kikimchokoza msomaji abofye. Inasimuliwa kwamba asilimia 44 ya walioliona walibofya. Kiwango hicho kilikuwa cha ugeni tu, kama watu wanavyomzunguka mchezesha nyoka siku ya kwanza ya mnada. Leo bango la kawaida hubofywa na watu chini ya asilimia 1 ya wanaoonyeshwa. Macho ya wasomaji yalijifunza upesi kuruka sehemu ya juu ya ukurasa, ilhali bei iliendelea kupangwa kwa kila mara 1,000 tangazo lilipoonyeshwa, liwe limetazamwa au la. Hapo ndipo sharti la Procter & Gamble linapoeleweka. Haikuwa jeuri ya tajiri. Alikuwa mnunuzi aliyegundua kwamba kwa mara ya kwanza muuzaji wa nafasi anaweza kuona nani kabofya, na kama anaona, basi naye abebe sehemu ya bahati mbaya.

Julai mwaka huohuo wa 1996 Amazon ilisogeza mbele zaidi: mwenye tovuti aliweka kiungo cha kitabu kwenye ukurasa wake, na alipata kamisheni endapo tu msomaji angekinunua. Ni udalali kamili. Anayeleta wageni 5,000 wasionunua hapewi hata asante. Kisha mwaka 1998 Bill Gross, kupitia kampuni yake ya GoTo, alifanya jambo lililoonekana la aibu wakati ule: aliweka matokeo ya utafutaji kwenye mnada. Aliyetaka kuwa wa kwanza mtu anapotafuta neno fulani alitaja bei ya kila mbofyo, kuanzia senti moja, na mtafutaji alionyeshwa waziwazi mtangazaji anatozwa kiasi gani. Waliocheka walisema hakuna atakayeamini orodha iliyonunuliwa. Mwaka 2003 Yahoo iliinunua kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa Overture, kwa takriban dola bilioni 1.6.

Google ilichelewa, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1998 waasisi wake, Sergey Brin na Larry Page, walikuwa wameandika kwamba injini ya kutafutia inayoishi kwa matangazo itaegemea kwa watangazaji dhidi ya wanaotafuta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, walifungua AdWords wakiwa na wateja 350, wakitoza kwa maonyesho kama magazeti. Mageuzi yalikuja Februari 2002, walipohamia malipo kwa mbofyo na kuongeza kipengele ambacho GoTo haikuwa nacho: nafasi iliamuliwa na bei aliyoitaja mtangazaji ikizidishwa kwa kiwango ambacho tangazo lake hubofywa. Chukua wauzaji wawili wa magodoro. Wa kwanza anatoa shilingi 500 kwa mbofyo, na watu 10 kati ya 1,000 wanabofya. Google inapata 5,000. Wa pili anatoa shilingi 200 tu, lakini tangazo lake linajibu hasa kinachotafutwa na watu 40 wanabofya. Google inapata 8,000. Wa pili anawekwa juu. Kwa hesabu hiyo tangazo lisilovutia mtu lilianza kujigharimu lenyewe, na Google, iliyokuwa imekubali kubeba hasara ya maonyesho yasiyobofywa, ikapata njia ya kuikwepa kwa kuyashusha chini.

Mtetezi wa mfumo huu atasema kwamba hapa hoja yangu inavunjika, kwani kila mtu alinufaika: fundi mwenye mtaji mdogo alitangaza jirani na kampuni kubwa, mtafutaji akapata anachokitaka, na hakuna aliyelipia hewa. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na sioni haja ya kubishana naye. Mnada wa maneno ulifungua mlango ambao televisheni na magazeti ya kitaifa yalikuwa yameufunga kwa bei. Lakini hasara iliyoondolewa kwenye maonyesho ilihamia kwenye mbofyo. Mshindani angeweza kubofya tangazo lako hadi bajeti iishe kabla ya saa nne asubuhi, na wenye tovuti waliogawiwa mapato ya matangazo walikuwa na kila sababu ya kubofya au kulipa wabofyaji. Mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza kesi ya watangazaji kuhusu mibofyo ya hila kwa hadi dola milioni 90. Waliojaribu njia ya bure, yaani kupanda kwenye matokeo yasiyolipiwa, walibeba hasara ya namna nyingine: Novemba 2003, wiki chache kabla ya Krismasi, badiliko moja la kanuni za Google liliyateremsha maduka mengi ya mtandaoni yaliyokuwa yakiutegemea msimu huo. Hawakuwa na mkataba, hivyo hawakuwa na wa kumdai.

Zao la mwisho la mantiki hii ni biashara ya majina yenyewe. Kama mtangazaji hataki kulipia macho wala mbofyo, basi auziwe mtu aliyekwisha kusema anataka: jina, simu, anataka mkopo kiasi gani au kozi gani. LendingTree, iliyoanzishwa 1996, ilifanya hivyo kwa mikopo ya nyumba. Mtu alijaza fomu moja, na benki kadhaa zikalipia kuipata. Kwa mwenye benki hii ni karibu na ukamilifu. Kwa aliyejaza fomu, ugumu unaanza pale anapobofya kitufe cha kutuma, kwa kuwa sasa bidhaa ni yeye, na jina linaweza kuuzwa zaidi ya mara moja. Mfano unaoumiza ni wa GIBill.com, tovuti ya kampuni ya QuinStreet ambayo muonekano wake uliwafanya wanajeshi wastaafu wa Marekani waone kama ni ya serikali, kumbe ilikuwa ikikusanya majina yao kwa ajili ya vyuo vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida, vilivyoyawinda mafao yao ya masomo. Mwaka 2012 wanasheria wakuu wa majimbo 20 waliibana kampuni hiyo, ikalipa dola milioni 2.5 na kuikabidhi anwani ya tovuti kwa Idara ya Masuala ya Wastaafu wa Jeshi. Muuza majina alikuwa amekwisha kulipwa, na aliyeweza kupoteza zaidi alikuwa yule aliyeandikishwa kwenye kozi isiyomfaa.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: kwamba ufuatiliaji wa watumiaji ndio bei ya huduma za bure, na watu wameikubali. Hebu tutazame ulivyoanza. Kidakuzi (cookie), faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kompyuta ya mtumiaji, kilibuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994 ili duka likumbuke mteja ameweka nini kwenye kikapu. Kampuni ya matangazo ya DoubleClick na wenzake walikigeuza kuwa kitambulisho kinachomfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti, na Google ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.1. Kwa miaka mingi ni nadra watu kuulizwa kwa lugha nyepesi kama wanakubali. Apple ilipolazimisha swali hilo liulizwe kwenye iPhone kuanzia Aprili 2021, walioambiwa wachague walikataa kwa wingi, na Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, ikakadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya takriban dola bilioni 10 kwa mwaka 2022. Ridhaa inayoyeyuka mara inapoombwa haikuwa ridhaa. Sheria nazo zimeanza kuurudisha mzigo kwa anayenufaika: Kenya kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023.

Linalosahaulika ni kwamba wakati haya yote yakitokea, matangazo ya Facebook na Instagram yalikuwa yameirudisha bei ya mwaka 1994 bila kelele. Mara nyingi mtangazaji hutozwa kwa maonyesho, akiahidiwa kwamba mtambo utawatafuta wenye mwelekeo wa kununua. Anayeuza nafasi ndiye pia anayehesabu, na mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imetia chumvi wastani wa muda ambao watu hutazama video. Huku kwetu kuna mauzo mengi ya gauni, simu na viatu yanayopitia tangazo lenye kitufe cha WhatsApp, na ripoti humwonyesha muuzaji gharama ya kila mazungumzo yaliyoanzishwa. Bei inapofichwa na kuandikwa "njoo DM", kila anayeuliza anahesabika kuwa mafanikio, hata aliyetaka kujua bei tu. Muuzaji anakesha akijibu "bado ipo?" na "mwisho shilingi ngapi?" kwa watu ambao mtambo umekwisha kuwapigia hesabu. Lakini mteja anapoamua, hulipa kwa M-Pesa, au kwa noti mkononi mwa bodaboda, na malipo hayo Meta haiyaoni. Idadi ya walionunua kweli imo kwenye meseji za simu ya muuzaji, na ni yeye peke yake anayeweza kuigawanya kwa kiasi alichotoa kulipia tangazo.