MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: DAFTARI LA MAJI LA JINJA

Ndugu wasikilizaji, hasa askari wa jeshi na polisi mlio zamuni: kila kituo cha ulinzi kina kitabu cha matukio. Asiyeandika zamu yake hana ushahidi siku ya kuulizwa. Ziwa Victoria nalo lina kitabu chake. Usawa wa maji yake ulianza kusomwa katika Uganda mwaka 1896, na kipimo mashuhuri kuliko vyote kiko Jinja, mji wenye mitaa ya Walukuba na Masese, ambako Mto Nile hutoka ziwani.

Chombo chenyewe ni ubao wenye alama, uliosimamishwa majini. Msomaji hutazama alama inayoguswa na maji, kisha huandika tarehe na tarakimu. Tarakimu hiyo si kina cha ziwa. Huhesabiwa kutoka alama maalum iliyowekwa tangu zamani.

Kazi hiyo ndogo hubeba jambo kubwa. Kabla ya Bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, Maporomoko ya Ripon ndiyo yaliyoamua maji yatoke kiasi gani. Wataalamu walilinganisha usawa wa ziwa na wingi wa maji mtoni, wakapata kanuni: ziwa likiwa katika usawa fulani, bwawa litoe kiasi kile kile ambacho maporomoko yangalitoa. Uingereza, iliyotawala Uganda wakati ule, ilikubaliana hivyo na Misri.

Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziliinua ziwa zaidi ya mita 2. Lakini mwaka 2006 lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu mvua hizo. Ukame ulikuwapo, na wengi waliulaumu huo peke yake. Daftari lilitoa ushahidi mwingine: maji yaliyopitishwa bwawani kwa ajili ya umeme yalikuwa yamezidi kanuni. Mwezi Mei 2020 mambo yaligeuka. Kipimo kilifika mita 13.42, sentimita 1 juu ya kilele cha mwaka 1964, na wakazi wengi wa mwambao wakahama makwao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kijito cha kijijini kinastahili ubao wake na msomaji mwaminifu, kwa kuwa daraja watakalovuka raia na askari hujengwa kwa kujua maji yalipata kufika wapi.