Daktari wa Mathari Ambaye Hatumsomi Darasani

Shule zetu za sekondari za 8-4-4 hazikuwa na somo la saikolojia. Wengi wetu tulikutana nalo chuoni, hasa waliosomea ualimu. Unapewa Freud, Pavlov na mbwa wake, Piaget na Skinner. Unakariri, unafanya mtihani, unasonga. Lakini kuna jina ambalo unaweza kuhitimu bila kulisikia hata mara moja, na mwenyewe alikuwa hapa hapa Nairobi: J. C. Carothers.

Carothers alikuja Kenya 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 akakabidhiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa 1910. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili, ila kazi akapewa. Wagonjwa walitengwa kwa rangi, na hao ndio wakawa kitabu chake cha kujifunzia.

Aligundua, ama alidhani amegundua, kwamba Waafrika ni nadra kuugua huzuni kali. Hebu fikiria kidogo. Nani alikuwa anapelekwa Mathari enzi hizo? Ni yule aliyeleta vurugu hadi serikali ikamwona. Mtu aliyekaa kimya nyumbani, halali, hali, hana hamu ya kuishi, nani angempeleka? Daktari alihesabu waliofika kwake, kisha akazungumza kuhusu bara zima.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Humo alidai ati Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ikamtaka aeleze Mau Mau. Akaandika kijitabu kilichowafanya wapiganaji waonekane watu waliovurugika akili kwa kubanwa kati ya mila na usasa. Hoja ya ardhi ikasukumwa pembeni. Ukishasema mtu ni mgonjwa, si lazima tena umjibu. Kijitabu hicho pia kiliunga mkono kuwahamishia watu katika vijiji vya lazima, na zaidi ya watu milioni 1 waliishia huko, wamezungushiwa nyaya na walinzi.

Majibu yalitoka kwa Waafrika na watu weusi wenzao waliosomea taaluma hiyo hiyo. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961. Kule Nigeria, Thomas Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, Abeokuta, alishirikiana na watafiti wa Marekani. Hawakungoja wagonjwa waletwe. Waliwafuata watu vijijini. Utafiti wao wa 1963 ulionyesha kwamba dalili za huzuni zilikuwepo, tena si haba.

Kwa hivyo kusoma saikolojia si kumeza nadharia tu. Hata Piaget alijenga nyingi ya hoja zake kwa kuwatazama watoto wake watatu, Uswisi. Hilo halimfanyi mwongo, ila linakupa swali. Mhadhiri akiandika nadharia ubaoni, inua mkono uulize: hawa waliotazamwa walikuwa kina nani, na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwa nani?