Nani Alimpa Nguruwe Mgongo Mrefu?

Neno nguruwe ni kongwe kuliko mnyama tunayemwita hivyo siku hizi. Wazulu husema ingulube, Washona nguruve, Wakikuyu ngũrwe, na ukitega sikio utasikia ni neno lilelile, lililotembea na wasemaji wa lugha za Kibantu kwa maelfu ya miaka. Zamani hizo lilikuwa jina la nguruwe mwitu, yule mwizi wa viazi usiku. Huyu wa bandani, mweupe, mwenye masikio mekundu kama mtalii aliyesahau kofia, kwetu alikuja juzi tu, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa meli na kwa reli pamoja na masetla. Akapewa jina la binamu yake wa porini na maisha yakaendelea.

Mwaka huu nimelazimika kumfikiria sana huyu mgeni, manake mama ameamua kufuga, na kazi ya kuchagua mbegu nimepewa mimi. "Wewe baba ndiye uko na wakati," aliniambia. Kwa mama, mtu aliyetoka chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo na sasa anaandikia watu makala kwenye simu ni mtu mwenye wakati. Pesa ni za chama. Zamu yake imefika na hairudi hadi wanawake wengine wote wapokee zao. Zinatosha majike wawili wachanga, banda, na chakula cha miezi michache. Zikipotea, ndiyo basi.

Kila mtu ana ushauri. Jirani wa chini anaapa kwa Large White. Mwenye bucha anataka Duroc, yule mwekundu, ati nyama yake haikauki kwa sufuria. Jamaa niliyelala naye chumba kimoja chuoni, mtu wa Busia, alinicheka: kwani hao weusi wa kijijini, wanaokula chochote, wana shida gani? Vijitabu vya ufugaji navyo vinakupa orodha. Large White ni mama mwema, Landrace ni mrefu, Duroc anakua haraka. Sawa. Lakini urefu ni wa nini? Ng'ombe hatumsifu kwa urefu. Nikaona kabla sijanunua nijue kwanza hizi sifa zilimfaa nani.

Kwetu ni Lari, na ukisema nguruwe Lari lazima useme Uplands. Kiwanda cha bekoni kilijengwa pale mwanzoni mwa enzi ya ukoloni, kando ya reli, kwenye baridi ile ya juu ya Limuru ambayo nyama haiharibiki upesi. Kilifungwa miaka ya 1980, kwa hiyo kizazi changu kimekijua kwa masimulizi tu. Mzee mmoja jirani aliyefanya kazi ndani aliniambia kitu anachokumbuka zaidi, ukiacha harufu, ni rula. Nguruwe akishachinjwa na kupasuliwa, mtu alikuja kupima unene wa mafuta ya mgongoni. Mafuta yakizidi, gredi inashuka na mkulima analipwa kidogo. "Huyo mzungu wa mbali," mzee akasema, "alikuwa anakula na macho."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Ile rula ina historia yake, na imeanzia Denmark.

Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mpaka wake kwa nguruwe hai kutoka Denmark. Wakulima wa Denmark walikuwa wamezoea kuwavusha wanyama wao na kurudi na pesa, na ghafla soko likatoweka. Mwaka huohuo, katika mji wa Horsens, wakulima wakaungana wakafungua kiwanda cha kuchinja cha ushirika, na macho yakageukia Uingereza, ambako mfanyakazi wa kawaida alikuwa ameanza kula bekoni asubuhi. Mwingereza hakutaka mafuta mengi. Alitaka vipande vyembamba, vinavyofanana, na bekoni hukatwa mgongoni na ubavuni. Mgongo mrefu maana yake ni vipande vingi. Basi Wadenmark wakaanza kumrefusha nguruwe. Kuanzia mwaka 1907 walikuwa na vituo vya majaribio ambako ndugu wa tumbo moja walilishwa chakula kilekile, wakapimwa ukuaji, kisha wakachinjwa na kupimwa tena. Ukoo uliofanya vizuri ulizaa tena, uliofanya vibaya ukaishia hapo.

Hebu fikiria kazi hiyo. Nguruwe mwitu wa Ulaya ana pingili 19 za mgongo kati ya shingo na nyonga. Nguruwe wa biashara wa leo ana 21 hadi 23. Watu wameongeza mifupa kwenye mgongo wa mnyama kwa kuchagua tu nani azae na nani asizae, kwa ajili ya kiamsha kinywa cha mtu mwingine. Huyo ndiye Landrace, na Wadenmark walimlinda kama siri ya serikali. Walikataza kuuza mbegu hai nje. Uingereza yenyewe, mteja mkubwa wa bekoni yake, iliwapata Landrace wake wa kwanza mwaka 1949, tena kupitia Sweden.

Large White naye ni hadithi nyingine, na kusema kweli ndiyo ninayoipenda. Huyu hakutoka kwa mabwana wa ardhi. Alitengenezwa Yorkshire, kwenye miji ya viwanda vya nguo, na watu waliofuga nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Aliyempatia jina ni mfumaji wa nguo wa Keighley aitwaye Joseph Tuley, aliyepeleka nguruwe wake kwenye maonyesho ya kilimo ya Windsor mwaka 1851, na wakubwa wakabaki midomo wazi. Kitabu cha kuandikisha koo kilikuja baadaye, chama cha wafugaji kilipoundwa mwaka 1884. Ninapomwona mama akikokotoa hesabu zake nyuma ya daftari la kanisa, huwa namkumbuka Tuley. Hakuwa na shamba. Alikuwa na ua.

Duroc wa bucha ni Mmarekani. Mwaka 1823 huko New York mkulima Isaac Frink alinunua nguruwe wekundu kwa Harry Kelsey, mtu aliyekuwa na farasi dume maarufu aitwaye Duroc, na nguruwe wakarithi jina la farasi. Aliumbwa kwa ajili ya mafuta, enzi ambazo mafuta ya nguruwe ndiyo yaliyopikia kila kitu Marekani. Mafuta ya mimea yaliposhika soko, yale ambayo sisi tumeyajua kama Kimbo, wafugaji wakamkondesha. Bado amebaki na mafuta membamba yaliyopita katikati ya nyama. Jamaa wa bucha, ambaye hajawahi kusikia habari za Frink, aliyaonja.

Wakati Wazungu wanarefusha migongo kwao, hapa Kenya mambo yalikuwa mengine. Nguruwe wa masetla walianza kufa. Walipata homa kali, ngozi ikageuka zambarau masikioni na tumboni, na ndani ya siku chache banda zima likawa kimya. Daktari wa mifugo wa serikali, R. E. Montgomery, aliufuatilia ugonjwa huo na mwaka 1921 akauandika rasmi: homa ya nguruwe ya Afrika. Katika milipuko aliyoichunguza karibu wote walioshikwa walikufa. Na alionyesha jambo la ajabu, kwamba ngiri hubeba virusi hivyo damuni bila kuumwa. Ngiri, virusi, na kupe laini wanaoishi mashimoni mwake walikuwa wameshazoeana miaka na miaka. Mgeni mweupe hakujua sheria za nyumba.

Ugonjwa huo uliotambuliwa kwetu umetembea kuliko Wakenya wengi. Mwaka 1957 ulifika Lisbon, na inaaminika ulipitia makombo ya chakula cha ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja. Mwaka 2007 ulitokea Georgia, mwaka 2018 China, ambako uliangusha mamilioni. Nawaeleza haya kwa sababu moja. Kila muuzaji niliyempigia simu aliniambia mbegu yake ni ngumu, haishikwi na magonjwa. Kwa homa hii, wapi! Mrefu, mfupi, mwekundu, mweusi wa kijijini, wote huondoka. Kinachookoa ni ua, kufunga mlango, kuchemsha makombo, na kutomruhusu kila mnunuzi aingie bandani na viatu vya banda la jana.

Siwezi kuiacha Uplands bila kutaja mwaka 1947. Mwezi Januari wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation chini ya Chege Kibachia. Agosti serikali ikamkamata na kumpeleka kizuizini Baringo. Septemba wafanyakazi wa kiwanda cha bekoni wakagoma. Polisi wakafyatua risasi, watu watatu wakafa. Walikufa mlangoni mwa kiwanda kilichopima mafuta kwa rula ili mtu fulani afurahie chakula chake cha asubuhi. Nimeuliza wazee, na wachache wanalikumbuka. Miaka sita baadaye yalitokea mauaji ya Lari, na msiba mkubwa ulifunika mdogo.

Sasa turudi kwa pesa za mama.

Kiwanda cha Uplands hakipo, lakini vijitabu bado vinamsifu nguruwe kwa macho ya kiwanda. Mama hatauza bekoni. Atauzia bucha mbili za barabarani ambako nyama hukatwa kwa kilo, hukaangwa na kitunguu, na mteja hulalamika ikikosa mafuta kabisa. Urefu wa mgongo hapo haumletei hata shilingi. Kinachomletea pesa ni vitoto vingapi vimezaliwa, vingapi vimefika kuachishwa ziwa, na vimekula magunia mangapi hadi kufika bucha. Jike hubeba mimba siku 114, miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu kama wanavyokariri wafugaji, kwa hiyo mbili kwa mwaka zinawezekana. Lakini mama anayenyonyesha vitoto kumi na kitu hula kilo tano au sita za chakula kizuri kila siku. Mpe maganda ya viazi tu uone. Mbegu hizi zililelewa kwa nafaka na maziwa yaliyobaki viwandani. Huwezi kurithi tumbo la Denmark ukalilisha sukuma wiki iliyonyauka.

Ndiyo maana hoja ya rafiki yangu wa Busia si ya kuchekwa. Nguruwe wa kule hufungwa kamba wakati wa mazao na kuachwa watembee mashamba yakivunwa, na kwa mtu asiye na pesa ya chakula huyo ni akiba inayojitafutia. Huzaa wachache, hukua polepole sana, lakini hakudai. Shida ni kutembea kwenyewe. Anapotembea hufika mahali pasipo na choo, hubeba mayai ya tegu, na mzunguko huo humrudia binadamu hadi kwenye ubongo, ukaleta kifafa. Watafiti wameufuatilia ugonjwa huo Busia kwa miaka. Kule Lari, kwenye robo eka iliyozungukwa na shule na kanisa, nguruwe wa kutembea atatugombanisha na kila mtu kabla ya tegu kufika.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Majike wawili chotara, Large White kwa Landrace. Si kwa ajili ya mgongo, ila kwa sababu mbegu hizi mbili zimechaguliwa muda mrefu kwa uzazi na maziwa, na chotara wao huwa na nguvu kuliko wazazi. Dume hatununui. Dume wa kupanda majike wawili ni mdomo wa bure. Tutatafuta Duroc wa kuwapanda, na vitoto vyote vya mchanganyiko huo vitaenda bucha, hata kajike kawe kazuri namna gani. Mama hapo alinuna kidogo. Anapenda kubakiza.

Tatizo lililobaki ni kumjua huyo chotara kwa macho. Rangi nyeupe kwa nguruwe hufunika nyingine, kwa hiyo mtoto wa Large White na mweusi wa kijijini anaweza kutoka mweupe kabisa, na muuzaji akakuapia kwa Mungu. Weupe hauthibitishi kitu. Afadhali masikio. Ya Large White husimama, ya Landrace huangukia macho, ya chotara hubaki njiani. Afadhali zaidi ni kumwona mama yake na daftari lake la uzazi, na kuuliza dume alikuwa nani, manake wafugaji wengi hapa wana dume mmoja aliyepanda hadi binti zake. Halafu chuchu. Zisipungue 12, 14 ni bora, zimepangika sawa pande zote mbili, na isiwepo iliyozama ndani.

Kuna shamba moja upande wa Kinale ambako mwenyewe amekubali nije na wakati wangu. Ameniambia nivue viatu langoni, nitapewa gambuti za pale. Naenda Jumamosi asubuhi, kuhesabu chuchu.