AC ya BTU ngapi inakutosha? Pima chumba kabla ya kwenda dukani

Ukiwa Tumati, kwenye nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, habari ya kiyoyozi inaweza kukuchekesha. Mwezi wa sita na wa saba huko watu wanatafuta blanketi la pili, si feni.

Lakini kijana wa Tumati akipata kazi Dar es Salaam au Tanga, ikifika Desemba hadi Machi usingizi unakuwa mgumu. Anajichanga, anaingia dukani, muuzaji anamwuliza: "Unataka BTU ngapi?" Hapo wengi hubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakokula hela.

BTU ni nini?

Ni kipimo cha joto ambalo AC inaweza kuliondoa chumbani kwa saa moja. Namba ikiwa kubwa, nguvu ya kupoza ni kubwa. Saizi za kawaida madukani ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000.

Wauzaji wengine hutaja HP. Kwa makadirio:

- HP 1 ni BTU 9,000
- HP 1.5 ni BTU 12,000
- HP 2 ni BTU 18,000
- HP 2.5 ni BTU 24,000

Ukisikia "tani moja", hiyo ni BTU 12,000, wala si uzito wa mashine. Jina hilo limetokana na enzi za kupoza kwa barafu: ni kiasi cha joto kinachoyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24.

Piga hesabu mwenyewe

Chukua futi kamba. Pima urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha upate mita za mraba. Kisha zidisha kwa 600. Hiki ni kipimo cha kukadiria kwa maeneo ya joto kama Pwani.

Baada ya hapo ongeza:

- Asilimia 10 kama chumba kinapigwa na jua kali la mchana, hasa dirisha la upande wa magharibi.
- Asilimia 10 hadi 15 kama juu ni bati na hakuna dari.
- BTU 600 kwa kila mtu anayezidi wawili.
- BTU 4,000 kama jiko liko humo humo.

Mfano wa chumba cha kulala: mita 3 kwa 3.5 ni mita za mraba 10.5. Mara 600 ni BTU 6,300. Hata ukiongeza jua na bati, hufiki 9,000. Kwa hiyo AC ya 9,000 inatosha kabisa. Usikubali kuuziwa ya 18,000.

Mfano wa sebule: mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, sawa na BTU 12,000. Jua la jioni linaongeza 1,200. Mkiwa wanne humo ndani, ongeza 1,200 nyingine. Jumla ni 14,400. Ya 12,000 itahangaika, kwa hiyo chukua ya 18,000, ikiwezekana ya inveta. Inveta hupunguza kasi ya kompresa chumba kikishapoa, badala ya kuzima na kuwaka kila mara.

Kwa nini kubwa sana nayo ni tatizo?

AC hufanya kazi mbili: kupoza hewa na kuondoa unyevu. Ikiwa kubwa mno, inapoza haraka na kuzima kabla haijaondoa unyevu wa kutosha. Matokeo yake chumba kinakuwa baridi lakini kimejaa majimaji, na ukutani ukungu unaanza. Kwa mashine isiyo ya inveta, kuwaka na kuzima huko kunachosha kompresa.

Ikiwa ndogo mno, inanguruma usiku kucha bila kupumzika na chumba hakipoi.

LUKU itasemaje?

AC ya BTU 9,000 hutumia takriban wati 800 kompresa inapofanya kazi. Tuseme kwa mapumziko yake inakula uniti 4 kwa usiku. Kwa siku 30 ni uniti 120.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Kwa viwango vya EWURA vya mwaka 2016, mteja mdogo wa D1 analipa Sh100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. AC peke yake inakuvusha hapo. Kwa Sh292 ya kundi la T1, uniti 120 ni Sh35,040 kabla ya kodi na tozo. Kama kila mwezi unatuma chochote nyumbani kwa wazazi, weka hesabu hii mezani kabla hujanunua.

Anza na nyumba

Dirisha lenye nyavu tupu bila kioo halizuii baridi isitoke. Hapo utakuwa unapoza mtaa. Weka vioo, ziba mianya ya mlango, piga dari, funga pazia zito upande wa jua. Kazi hizi zinaweza kukushusha saizi moja ya AC. Pia mwambie fundi umeme aipe AC laini yake na breka yake, isichangie soketi na friji.

Na kwa walio Tumati: dari na kuziba mianya ndiyo "AC" yenu, maana hutunza joto ndani. Ila msilale na jiko la mkaa chumbani mlikofunga madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Ukienda dukani, nenda na namba tatu kwenye simu: urefu, upana na jumla ya BTU. Muuzaji akikutajia saizi nyingine, mwambie akuonyeshe hesabu yake.